Sawazisheni sauti kwanza, mabishano baadaye

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: watu wawili au watatu wakiketi pamoja asubuhi na nakala mbili za albamu moja ya jazi, moja ya zamani na nyingine iliyochapwa upya, watajuaje kwa haki ipi inasikika vizuri zaidi? Watajua wakisawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kubishana juu ya jambo jingine lolote.

Santuri mbili za albamu moja hazichongwi kwa nguvu sawa. Ukiacha kitufe cha amplifaya palepale, nakala moja inaweza kuipita nyingine kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili, na hapo ndipo watu hudanganyika. Tofauti ndogo kiasi hicho sikio halisemi "hii ina sauti kubwa". Linasema "hii ni nzuri": besi imeshiba, saksafoni imesogea mbele. Asubuhi kosa hili huzidi, kwa sababu wengine wamelala na muziki huwekwa chini. Sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza besi kuliko sauti za kati, jambo ambalo watafiti wa sauti Fletcher na Munson walilipima na kulichapisha mwaka 1933. Ndiyo maana nakala iliyoongezwa besi hushinda alfajiri, kisha mchana, muziki ukipandishwa, ikaanza kuchosha.

Dawa yake ni programu ya kupima desibeli kwenye simu. Simu haisomi kiwango halisi, lakini hapa haidhuru, maana mnatafuta tofauti tu. Iwekeni pale mnapokaa na msiisogeze. Chezeni nusu dakika ileile kutoka kila nakala, soma wastani, kisha rekebisheni mpaka tofauti ipungue chini ya nusu desibeli. Wekeni alama mbili za utepe wa gundi pembeni mwa kitufe, moja kwa kila nakala.

Kuna pia baridi. Mpira mdogo unaoshika kijiti cha sindano ndani ya katriji, yaani kifaa kinachobeba sindano, hukakamaa chumba kikiwa na baridi. Sauti hukauka, na sindano hushindwa kufuata vilele vya tarumbeta, hivyo nakala inayotangulia huonewa. Chezeni kwanza upande mzima wa santuri nyingine, kama dakika 20. Osheni nakala zote mbili kwa njia ileile na maji yaleyale yaliyoondolewa chumvi. Kulinganisha santuri chafu na iliyooshwa ni kulinganisha vumbi.

Wengi huuliza kuhusu uzito wa gramu 180 wa baadhi ya santuri zinazochapwa upya. Uzito huo peke yake hauboreshi sauti. Wengine wanahofia kwamba unene unabadilisha pembe ya sindano: kwa mkono wa sindano wenye urefu wa milimita 230, pembe kubadilika kwa digrii moja huhitaji mwisho wa mkono kupanda au kushuka kwa milimita 4. Unene wa ziada wa santuri haufiki hata milimita moja, kwa hiyo liacheni.

Hakikisheni mnajua mnachokishika. Mwaka ulioandikwa kwenye jalada hausemi santuri ilichapwa lini. Igeuzeni kwenye mwanga, msome eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kwa santuri za Blue Note, kampuni ya kurekodi jazi, herufi RVG huonyesha kwamba mhandisi wa sauti Rudy Van Gelder alichonga mwenyewe bamba la awali lililotumika kuzichapa. Alama inayofanana na sikio, ambayo ni P ya mkono, ni ya kiwanda cha Plastylite kilichoichapia kampuni hiyo mpaka 1966. Mkiona RVG bila sikio, kwa kawaida ni chapa ya baadaye iliyotokana na uchongaji wa awali, na inaweza kuwa na sauti tamu sana bila bei ya wakusanyaji.

Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ina mtego wake. Vipande vitatu vya upande wa kwanza vilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959 kwenye mashine ya tepu iliyokuwa ikienda polepole kidogo. Tepu ilipochezwa kwa kasi sahihi, muziki ulipanda juu ya sauti yake ya kweli, na kasoro hiyo ilibaki kwenye santuri kwa miongo mitatu mpaka ikarekebishwa miaka ya 1990. Basi mkisikia nakala ya zamani "ina uchangamfu zaidi" kwenye So What, wimbo wa kwanza wa upande huo, huenda mnasikia kasi tu. Pigeni noti moja kwenye piano iliyopatanishwa mjue. Kwa kulinganisha sauti yenyewe tumieni upande wa pili, uliorekodiwa tarehe 22 Aprili, ambao hauna tatizo hilo. Hata hivyo So What ina kipimo kizuri mno: pale solo ya tarumbeta inapoanza, mpiga ngoma Jimmy Cobb anapiga toazi kwa nguvu. Hesabuni sekunde mpaka mlio wake uzame chini ya besi. Nakala iliyochakaa humeza mkia ule na kuacha mchakacho.

Linganisheni mahali palepale kwenye santuri pia. Katika kasi ya 33⅓, sindano husafiri sentimita 51 hivi kwa sekunde ukingoni, lakini 21 tu karibu na lebo, na huko ubora wa sauti hupungua. Wimbo wa mwisho wa upande ukilinganishwa na uleule uliohamishiwa mwanzo wa upande kwenye toleo la santuri mbili, mpangilio ndio unaoshinda. Nakala za mono, yaani zenye mkondo mmoja tu wa sauti, zichezeni kwa kitufe cha mono kama kipo: kelele nyingi hutokana na sindano kwenda juu na chini, na kitufe hicho huifuta.

Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, hivyo mwenye nakala asiwe anayebadilisha santuri. Mbadilishaji akae nyuma ya wasikilizaji, arushe sarafu kuchagua inayofuata, asiseme neno. Raundi ziwe sita, na kila mmoja aandike anadhani ni nakala ipi inayocheza kabla ya kuzungumza. Kwa kubahatisha, kupatia zote sita ni nafasi moja kati ya 64. Mkipatia nne tu, rudieni kesho sauti ikiwa juu kidogo.