Marafiki Wawili Kwenye Turubai Moja

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mama yangu na rafiki yake wameuza ndizi pamoja katika soko la Mbuyuni, hapa Moshi, tangu nikiwa mtoto, na sasa wote wawili wameacha biashara. Ningependa wachorwe kwa rangi za mafuta. Mchoraji mmoja wa Arusha ameniomba picha ya simu ya kila mmoja, kisha yeye atawaunganisha. Je, nikubali, au niwapeleke wakakae mbele yake?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Wapeleke wakakae, na wakae pamoja. Picha mbili zilizopigwa mahali tofauti huwa na mwanga usiopatana, mmoja ameangaziwa na dirisha na mwingine na taa ya sebuleni, na hakuna ufundi wa brashi unaoficha jambo hilo kikamilifu. Zaidi ya hapo, watu walioketi karibu hutiana rangi: khanga nyekundu ya mmoja huakisi wekundu wake chini ya kidevu cha mwenzake, bega la huyu hutupa kivuli kwenye mkono wa yule, na aliyemzoea mwenziwe humwegemea bila kujua kwamba ameegemea. Hayo hayamo katika picha ya mtu mmoja mmoja, nami naamini ndiyo hasa unayotaka kuyalipia.

Rangi za mafuta zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu hazina haraka. Mafuta ya kitani yaliyomo hayakauki kama maji. Hugandamana kwa kuvuta oksijeni hewani, hivyo tabaka jembamba huchukua siku kadhaa na lililo nene wiki nyingi. Katika muda huo mchoraji anaweza kurudi pale mikono miwili ya gauni inapokutana na kuulainisha mpaka wake. Picha itakapokamilika, tazama mpaka huo kwanza, kabla hata ya nyuso.

Usiwalazimishe kukumbatiana. Mwaka 1977 mchoraji Mwingereza David Hockney aliwachora wazazi wake kwa rangi za mafuta, picha ambayo sasa ni mali ya jumba la sanaa la Tate, Uingereza. Mama ameketi wima akimtazama mwanawe, na baba ameinamia kitabu. Hawagusani wala hawatazamani, lakini ndoa yao yote inasomeka katika nafasi iliyoachwa kati yao. Hockney huyohuyo alipochorwa na mchoraji mwenzake Lucian Freud mwaka 2002 alikaa kwa zaidi ya saa 100, mateso ambayo sitaki wazee wetu wayapate. Vikao vichache vya saa moja moja vinatosha, asubuhi, kwenye viti vyenye egemeo, na picha za simu zisaidie kukumbuka mavazi. Sharti langu moja ni kwamba waachwe wazungumze, kwa maana mchoraji atakayewanyamazisha ili wasitikisike atapata wageni wawili waliokaa jirani.

Wala ushirika kwenye turubai si jambo geni Kilimanjaro. Mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na kisha chuo cha sanaa cha Slade jijini London, alichora mwaka 1956 wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na picha hiyo ya mafuta imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Watu wake ni wadogo na nyuso zao hazina undani. Kinachochorwa ni kule kwenda kwao pamoja. Ombi lako linaongeza nyuso, na nyuso za akina mama wa soko zinastahili nafasi hiyo kuliko wanavyodhani wengi wanaoagiza picha za wakubwa peke yao.

Picha ikishakamilika, vanishi ya kuikinga isubiri takriban miezi sita. Na kabla ya kutoa malipo ya awali, mwombe mchoraji akuonyeshe picha yoyote ya watu wawili aliyokwisha kuichora, uichunguze mikono yao: kama ameificha yote mifukoni na chini ya shuka, tafuta mwingine.