Usitoe shilingi kabla hujaingia uvunguni mwa gari

Wee, subiri kwanza! Hapo uliposema "Suzuki Escudo ya 1999, bodi inang'aa, mwenyewe yupo Nungwi, dalali anataka advansi kesho", mie mwili ulinisisimka. Hiyo gari kama si yangu basi ni nduguye.

Yangu niliinunua milioni 9. Nilikwenda na fundi, tena fundi wa kweli. Akasikiliza injini, akavuta stiki ya oili, akaiendesha gari mpaka Bububu akarudi: "Injini mbichi hii." Na kweli ilikuwa mbichi. Ila hakuna aliyeinama kutazama chini, si yeye si mie na kanzu yangu nyeupe, maana dalali alitupeleka baada ya magharibi, anatuhimiza eti kuna mtu wa Wete yuko bandarini na pesa mkononi.

Miezi minne baadaye natoka Makunduchi, mama mkwe nyuma na magunia mawili ya muhogo, nasikia kwaa! Gari imelalia upande. Mkono wa taili la nyuma umechomoka na kipande cha chesesi, ule uti wa chuma unaobeba gari zima. Fundi wa kuchomea akagusa kwa bisibisi, ikazama kama kwenye mkate wa boflo. Nje puti ya kuzibia mashimo, juu yake lami nyeusi, ndani kutu tupu. Kumbe ilikuwa ikibeba samaki, maji ya barafu na chumvi yanachuruzika humo humo, na ikioshwa inaoshwa kwa maji ya kisima cha pwani, nayo chumvi vile vile. Chesesi ya Escudo ina uwazi ndani. Uchafu wa chumvi ukiingia unakaa na unyevu wake, chuma kinaoza kuanzia ndani, wewe nje unaona kizima.

Kuchomea mara ya kwanza laki nane. Ya pili laki sita. Ya tatu fundi akanambia, "Shekhe, nichomee wapi? Chuma hakuna."

Nikampigia dalali. Eti "gari kuukuu ni bahati yako". Bahati yangu, na laki tatu za udalali ulizichukua za nani? Siku hizi akiniona Darajani anavuka njia.

Nenda mchana, na tochi, nyundo na bisibisi. Ipandishe juu ya shimo la gereji, uvue kanzu, uingie. Gonga chesesi urefu wote, hasa inapopanda juu ya mataili ya nyuma: chuma kizima kinalia, kilichooza sauti yake bubu. Ukikuta lami mbichi, ikwangue. Mwenyewe akikataa, msalimie, panda daladala urudi kwako.

Uliuliza na mafuta, bima, sijui ukope uchukue mpya... Mafuta inakunywa, ndiyo. Mpya kama pesa unazo chukua, lakini bahari ya Nungwi haiulizi gari ya mwaka gani.

Yangu ipo Fuoni nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kiti cha mama mkwe. Ukitaka injini njoo. Mbichi, wallahi.