Unamaliza uzamivu wa saikolojia na unarudi Kigoma? Chagua mafunzo yako kwa macho haya

Barua ya nafasi ya mafunzo baada ya uzamivu ikifika, wengi huangalia jina la chuo na kiasi cha posho. Wewe unayetaka kurudi Kigoma kushughulika na watoto wasiotulia darasani, na wale wanaoumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, anza na swali jingine: nani atakutazama ukiwa na mtoto, na mara ngapi?

Kukutazama, si kukusomea ripoti. Kule Marekani, APPIC, chama cha vituo vya mafunzo hayo, kinataka angalau saa mbili za usimamizi wa mtu na mtu kila wiki. Kituo kikikuahidi usimamizi "utakapohitajika", hesabu kwamba hakuna. Uliza kama vikao vinarekodiwa kwa video. Uliza utapokea watoto wangapi wewe mwenyewe, tangu mahojiano ya kwanza hadi siku ya kumkalisha mzazi na kumpa majibu. Jibu zuri huja na namba.

Jambo la kukagua mapema kabla hujalipia chochote: nafasi nyingi za tiba kule hudai uzamivu na mwaka wa mafunzo kwa vitendo viwe vimeidhinishwa na chama chao cha wanasaikolojia, APA. Aliyesoma Afrika Mashariki mara nyingi huangukia nafasi ya utafiti, na nafasi hiyo huenda isimruhusu kutibu. Si mbaya, ila ujue unachosaini, na uombe iandikwe kwenye mkataba kwamba utahudhuria vikao vya timu ya kliniki.

Sasa tuje kwenye ujuzi wenyewe. Vigezo vya ADHD, tatizo la kukosa umakini na utundu uliopitiliza, vilivyo kwenye DSM-5, mwongozo wa Marekani wa matatizo ya akili, unavijua: dalili 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za utundu na pupa, zidumu miezi 6, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi. Kinachoharibu kazi ni swali ambalo halikueleweka. Kuna kigezo kinachosema mtoto yuko kama anayeendeshwa na mota. Mtafsirie mama wa Ujiji neno kwa neno: atafikiria mashine ya boti, halafu atakutazama kama wewe ndiye mgonjwa. Muulize hivi: akikaa kula, anainuka mara ngapi kabla ugali haujaisha? Hapo atakujibu, tena na mifano.

Kigezo cha kuinuka kwenye kiti nacho kina mtego. Watoto wanne wakibanana dawati moja, anayeinuka hurudi akakuta nafasi imeliwa, kwa hiyo hata mtundu anajibana. Mwalimu ataandika "hapana", na hajadanganya. Tazama miguu na mikono chini ya dawati. Kupoteza vitu hakupimiki kwa mtoto mwenye kalamu moja tu, tena imefungwa kwa uzi shingoni. Na aliyefundwa asiseme mbele ya wakubwa hatadakia maneno nyumbani. Muulizie kwa wenzake wa mpirani.

Kwa hiyo tafuta kituo kitakachokufundisha kurekebisha madodoso, si kuyajaza tu. Dodoso hutafsiriwa, mtu mwingine asiyeliona la mwanzo hulirudisha lilikotoka, kisha wazazi kama kumi wanaeleza kila swali kwa maneno yao. Hatua hii ya mwisho ndiyo huwa inarukwa, na ndiyo inayofichua mengi. SDQ, dodoso la tabia na hisia za watoto lenye maswali 25, tayari ina tafsiri ya Kiswahili. Anza nayo, ukikumbuka kwamba ni chujio tu. Vijijini Kasulu au Buhigwe uwe na msaidizi wa Kiha, maana bibi anayelea mjukuu anaweza kukuitikia "ndiyo mwanangu" kwa heshima tu.

Kabla hujaandika ADHD, ondoa yanayofanana nayo. Masikio kwanza: usaha wa muda mrefu sikioni humfanya mtoto aonekane mkaidi. Usingizi, njaa, upungufu wa damu. Malaria kali iliyofika kwenye ubongo inaweza kuacha umakini umeharibika, na mkoa huu una malaria nyingi. Kuna pia kifafa cha kuduwaa: mtoto anakatika katikati ya sentensi, macho yanaganda kwa sekunde 5 hadi 15, kisha anaendelea kama hakuna lililotokea. Mwombe daktari mwenzako asimamie kipimo cha kuhema: mtoto apulize kwa nguvu kipande cha karatasi kwa dakika 3. Akiganda katikati, mpeleke hospitali ya mkoa, Maweni, usimpe ushauri nasaha. Na kwa watoto waliokimbia vita, kama wale wa kambi ya Nyarugusu, anayegeuka kila mlango unapogonga huenda yuko makini kupita kiasi: analinda.

Kwenye wasiwasi, jipime kwa kitu kimoja: kujenga ngazi ya hofu na kuipanda na mtoto. Chukua msichana wa darasa la nne anayeongea nyumbani ila shuleni hajibu. Kila hatua ipewe alama ya hofu, 0 hadi 10. Kumnong'oneza rafiki darasani pakiwa patupu, 2. Kusoma mstari mmoja mwalimu akiwa nje ya mlango, 4. Mwalimu akiwa ndani amewapa mgongo, 5. Kuitika "nipo" wakati wa kuita majina, 7. Kujibu swali moja alilojulishwa jana yake, 8. Kabla ya kila ngazi anasema anachotegemea kitatokea ("watanicheka wote"), na baadaye anasema kilichotokea. Anajifunza kwenye pengo kati ya hayo mawili.

Wanaoanza hukosea palepale: hofu ikipanda wanamhurumia mtoto na kukatisha zoezi, naye anaondoka akiamini kukimbia ndiko kulikomwokoa. Au mama anajibu badala yake. Au ngazi zote zinapandwa ofisini na shule haiguswi. Kama kituo unachokiomba hakitoki na watoto nje ya chumba, utarudi na nusu ya kazi.

Utafiti wa Marekani uitwao CAMS, uliotoka 2008 ukiwa na watoto 488, ulitumia vikao 14 vya tiba ya fikra na tabia. Kiasi cha 60% walipata nafuu kubwa kwa tiba hiyo peke yake, 55% kwa dawa ya sertraline, 81% kwa vyote viwili, na 24% kwa kidonge kisicho na dawa. Matokeo mazuri. Lakini familia ya Uvinza au Kalinzi haina nauli ya safari 14. Jifunze kuanza ngazi kikao cha tatu, na kumkabidhi mzazi zilizobaki.

Kwa ADHD, usipange kazi yako ukitegemea dawa yake, methylphenidate. Huenda usiipate, na wewe si wa kuiandika. Silaha yako ni mafunzo ya wazazi na kadi ya kila siku ya shule, ambayo mwalimu huweka alama kwa malengo ya tabia. Vitabu husema malengo 3 hadi 5. Kwa mwalimu mwenye watoto themanini weka mawili, alama ya vema au kosa, basi. Zawadi itoke nyumbani jioni ileile: dakika za ziada za kucheza, au kuchagua hadithi ya usiku. Kubaliana na mwalimu mkuu mapema kwamba kadi haitatumika kumchapa. Ikitumika mara moja, mtoto ataitupa ziwani na utakuwa umempoteza.

Kabla hujaondoka kituoni, panga na msimamizi wako saa moja kila wiki mbili kwa simu, kwa mwaka wa kwanza. Mzazi aridhie kurekodiwa, jina la mtoto lisitajwe, na umsikilizishe zile dakika kumi zilizokushinda.