Kabla Hujakimbilia Lafudhi ya Marekani

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa mtaani Mwanga, Kigoma, alinijia jioni, daftari jipya mkononi. "Shangazi, nifundishe Kiingereza cha Kimarekani. Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya kupokea wageni, na lafudhi yangu ni ya Kiswahili mno." Nilimkaribisha barazani tukaongea mpaka giza likaingia. Niliyomwambia nayaandika hapa, maana najua wako wengi wenye hofu kama yake.

Mimi ni mkalimani hapa Kigoma kwa mwaka wa 11 sasa. Nimefanya kazi na wageni wa hifadhi ya sokwe ya Gombe, watafiti wa samaki wa Ziwa Tanganyika na wahandisi wa miradi ya maji. Makosa yangu mazito hayakusababishwa na lafudhi hata mara moja. Nilikosea kwa sababu niliamini Kiingereza ni kimoja.

Lililoniuma kuliko yote lilitokea mwaka wangu wa pili. Mhandisi mmoja kutoka India alikuwa akutane na wazee wa kijiji cha mwambao siku ya Alhamisi. Ijumaa iliyotangulia akanipigia simu kwamba kikao wata-"prepone" mpaka Jumanne. Mimi nililijua "postpone" tu, yaani kuahirisha. Nikajiambia mzee wa watu ameteleza ulimi, nikampigia mtendaji wa kijiji: kikao kimeahirishwa, njooni Jumanne ya wiki ile nyingine. Jumanne ya karibu mhandisi akapanda boti na mafaili yake pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, tukafika kijijini tukawakuta kina mama wanaanika dagaa na wazee wote wako mashambani. Niliomba radhi pande zote mbili, na wazee wakanipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

"Prepone" ni neno halali kabisa la Kiingereza cha India. Maana yake ni kuwahisha, kinyume cha "postpone", na watu hulitumia maofisini na magazetini bila kumwomba ruhusa mtu wa London. Mhandisi huyohuyo alikuwa akitaja gharama kwa "lakh", yaani 100,000. Mara ya kwanza nilishtuka: si laki yetu hii? Ndiyo yenyewe. Imetoka India ikaja pwani yetu na wafanyabiashara, na hukohuko kwao ikaingia kwenye Kiingereza chao. Kwa hiyo siku kikao kilipofanyika, wazee wa kijiji waliielewa "lakh" kabla sijafungua mdomo, wakati Mwingereza wa kawaida angeuliza ni kiasi gani.

Lugha hii imekuwa hivi kwa sababu ya njia ilizopita. Mwaka 1607 Waingereza walijenga makazi ya Jamestown kule Virginia. Mwaka 1788 meli zao zikashusha wafungwa Australia. Huko walihamia wasemaji wenyewe, na lugha ikakua mbali na nyumbani. Mmarekani Noah Webster alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, wenzake walikuwa wameshaanza kuandika "color" na "center" kwa namna yao, si "colour" na "centre" za Waingereza. India, Nigeria na kwetu ni habari nyingine. Sisi hatukuletewa watu wengi, tuliletewa utawala na shule, nasi tukakitia Kiingereza ladha ya lugha zetu. Hata hapa Kigoma mambo yangeweza kwenda vingine. Wabelgiji ndio walioingia mji huu mwaka 1916, na kama Waingereza wasingekuja kukabidhiwa, huenda watoto wetu leo wangesoma Kifaransa kama wenzao wa Bujumbura. Ajabu ni kwamba majirani hao nao sasa wamegeukia huku: Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, na Burundi mwaka 2014 ikakifanya lugha rasmi. Hakuna askari wa Malkia aliyewalazimisha.

Mtu wa Kigoma hapaswi kupata tabu kuelewa jambo hili. Shuka Kibirizi au soko la Ujiji siku wafanyabiashara wa Kongo wamevuka ziwa. Mama wa Uvira anasema "batoto", pesa anaziita "falanga", na katikati anachomeka Kifaransa. Kuna aliyewahi kumwambia hajui Kiswahili? Tunapatana bei, gunia linapimwa, maisha yanaendelea. Kiswahili sanifu chenyewe ni makubaliano: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichukua Kiunguja kama msingi, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Wangechukua Kimvita, lahaja ya Mombasa, leo tungekuwa tunasahihishana kwa kipimo kingine. Sikio linalomwelewa mama wa Uvira ndilo hilohilo nitakalo ulifungue kwa Kiingereza.

Basi binti nilimwambia aache kuigiza pua ya Kimarekani. Nimeona vijana wakifanya hivyo mbele ya wageni, na kinachopotea ni maneno yenyewe. Mgeni anabaki kukisia. Wewe sema taratibu, kwa sauti yako, na ukazanie mahali panapobeba maana. Namba kwanza. "Fifteen" na "fifty" zimegombanisha watu wengi kwenye nauli za boti. Mimi hutaja tarakimu moja moja, "one five", kisha naandika kwenye karatasi mgeni aone. Halafu "ship" na "sheep", "live" na "leave". Irabu hizi Kiswahili hakizitenganishi, kwa hiyo zinataka mazoezi ya kila siku.

Kuna maneno ya kawaida ambayo lazima uulize. Ukimwelekeza Mwingereza "first floor" atapanda ngazi; Mmarekani atabaki chini, maana kwake ghorofa ya kwanza ndiyo ya chini kabisa. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi, na kwenye kazi ya kupokea nguo za kufua tofauti hiyo si ndogo. Niliwahi kutafsiri kikao cha watafiti ambapo Mwingereza alitaka hoja iwe "tabled", akimaanisha ijadiliwe palepale, na Mmarekani akaridhika akidhani imewekwa kando. Niliwasimamisha nikauliza. Hakuna aliyenidharau; walinishukuru.

Swali langu siku zote huwa jepesi: mapema zaidi au baadaye zaidi, tarehe ngapi? Nauliza hata kama nina hakika. Na mgeni akisema neno geni, sidhani tena kwamba amekosea. Mskoti akisema "outwith" anamaanisha nje ya, na wa Afrika Kusini akikuelekeza ukate kona kwenye "robot", tafuta taa za barabarani.

Binti anarudi Jumamosi. Nimemwambia arekodi kwenye simu sauti tatu za redioni, ya Lagos, ya Delhi na ya London, aandike kila neno alilosikia na aache nafasi tupu pale aliposhindwa. Tutaanzia kwenye hizo nafasi tupu.