Intaneti kijijini: mlima kwanza, redio mwisho

Wengi walioandika safari hii wanafanya kazi hapa Nairobi lakini macho yao yako mashambani, wanakotaka kuanzisha biashara ya kuuza intaneti isiyo na waya. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Nimeweka akiba ya shilingi 400,000 nianzishe intaneti kwetu Mwala, kaunti ya Machakos. Soko lenye faiba liko kilomita 10 kutoka kijijini. Nimeshaona redio na madishi Luthuli Avenue na muuzaji ananiharakisha. Ninunue zipi?
*Msomaji, Umoja*

Usinunue yoyote kwa sasa. Redio zipo Luthuli siku zote. Kinachoamua kama biashara yako itasimama ni njia ya hewani kati ya soko na kijiji, na hiyo haiuzwi dukani.

Redio za gigahezi 5 zinataka kuonana, na kuonana kwa macho tu hakutoshi. Mawimbi hayaendi kama uzi uliovutwa. Yanajaza nafasi yenye umbo la mhogo, nyembamba kwenye ncha na nene katikati. Kwa kilomita 10 na masafa ya gigahezi 5.5, unene wa katikati ni mita 11.7 kila upande wa mstari. Angalau asilimia 60 ya hiyo iwe wazi, yaani mita 7. Mviringo wa dunia unakula mita 1.5 zaidi. Kwa hiyo mstari unaounganisha madishi mawili upite mita 8.5 juu ya mti au paa refu kuliko yote katikati ya njia. Umbali ukiwa kilomita 18, hesabu hiyo inafika mita 14. Ndiyo maana mtu anaweza kuliona paa la soko waziwazi kwa darubini na bado kiungo chake cha hewani kikakatikakatika.

Chora njia yako kwenye Google Earth uone vilima na mabonde, kisha panda boda uende mwenyewe sehemu zilizoinuka, kwa sababu mchoro ule unaonyesha ardhi bila kukuambia urefu wa miti. Ukikuta mikaratusi, uliza ilipandwa lini. Mkaratusi hukua haraka mno, na njia iliyo wazi leo huzibwa kabla hujamaliza kulipa mkopo wa mlingoti. Acha nafasi ya mita 5 za ziada, au panga njia nyingine. Majani yakilowa mvua huzuia mawimbi zaidi, hivyo kiungo kinachopenya kidogo kwenye matawi wakati wa kiangazi kitakuaibisha mvua za Aprili zikianza.

Njia ikizibwa, tafuta mlima unaoona pande zote mbili uweke kituo cha kupokezana. Kilima kizuri kina thamani kuliko redio zako zote. Kikodishe kwa mkataba wa maandishi wa miaka 5 au zaidi, ukitaja haki ya kupita na kufika hata usiku, na ushuhudiwe na familia nzima yenye shamba. Mkataba wa mdomo huvunjika siku mwenye shamba anapofariki na watoto wanapogawana ardhi.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya redio inakuja. Katika kilomita 10 hewani, mawimbi ya gigahezi 5.5 hupoteza desibeli 127. Tuseme jumla ya nguvu unayorusha ni 36 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kwenye kupokea huwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu), na dishi linalopokea lina ongezeko la desibeli 30. Utapokea hasi 61 dBm, na hapo kuna nafasi ya kutosha ya kushuka bila kukatika. Ukipima na kukuta hasi 75, usiongeze nguvu ya kurusha. Dishi limeelekezwa vibaya au kuna kitu njiani. Boriti ya dishi la desibeli 30 ina upana wa digrii 5 au 6 tu, kwa hiyo kaza nati polepole huku mwenzako akikusomea kipimo kwenye simu. Jihadhari na kilele cha uongo, yaani mawimbi ya pembeni ambayo hupanda kidogo yakashuka, na fundi mwenye haraka akadhani amefika.

Katika hizo 400,000, tungetenga 100,000 isiyoguswa kwa ajili ya kulipia kapasiti, yaani kasi unayonunua kwa jumla, ya miezi ya mwanzo na kuweka redio moja na adapta moja za akiba. Kinachobaki kianzie kwenye mlingoti na umeme.

Nina faiba ya nyumbani ya megabiti 100 mjini. Si naweza kuweka laini kama hiyo sokoni na kuwagawia watu 60?
*Msomaji, Ruiru*

Hapana. Mikataba ya nyumbani hukataza kuuza tena huduma, na hiyo ni pamoja na ya setilaiti. Siku kampuni itakapogundua, wateja wako wote watazimika pamoja, nawe huna pa kulalamikia. Omba mkataba wa jumla wa mtoa huduma mdogo. Mkataba huo utaonekana ghali, kwa sababu kasi ile imehakikishwa na haigawanywi na mtaa mzima.

Kabla ya kutia sahihi uliza mambo haya: kasi iliyohakikishwa ni ngapi kwenda na kurudi, wakikatikiwa wanarekebisha ndani ya saa ngapi na wanakurudishia nini, utapewa anwani ngapi za umma za intaneti (IP), na je, data inayobaki nchini inapita kwenye kituo cha kubadilishana data cha KIXP hapa Nairobi? Swali hili la mwisho wengi hulisahau. Video nyingi zinazotazamwa hutolewa kwenye hifadhi zilizoko papa hapa, na mtoa huduma asiyeunganishwa vizuri nazo atazifuata mbali, nawe utauza intaneti nzito huku kipimo cha kasi kikisema kila kitu kiko sawa.

Kuhusu kiasi, anza na wastani wa megabiti 2.5 kwa kila nyumba saa za jioni. Nyumba 60 ni megabiti 150. Usimpe kila mtu uhuru wote. Weka foleni ya haki kwenye rauta yako, kwa programu ya fq_codel au CAKE inayogawa zamu ili mmoja asimeze laini yote, ukiipangia asilimia 90 hadi 95 ya kasi uliyonunua. Foleni ikijaa kwenye kifaa cha kampuni badala ya chako, mtoto mmoja anayepakua mchezo atamkatia jirani simu ya video.

Je, natakiwa kuwa na leseni hata kama ni kijiji kimoja?
*Msomaji, Kangundo*

Ndiyo. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 haisemi kijiji ni kidogo mno. Kwa biashara, Mamlaka ya Mawasiliano, yaani CA, ina leseni ya miundombinu ambayo ngazi yake ya 3 ni ya maeneo madogo, na leseni ya kutoa huduma kwa wateja. Kama ni mradi wa jamii usiogawana faida, tangu 2021 kuna leseni ya mitandao ya jamii iliyo nafuu zaidi. TunapandaNET ya Kibera ni mfano wa mtandao wa aina hiyo. Ushauri wetu: kikundi cha kijiji kikiwa tayari kushirikiana, anzeni hapo.

Tumia redio zilizoidhinishwa na CA na usizidishe nguvu ya kurusha iliyoruhusiwa. Mlingoti unahitaji kibali cha kaunti, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina neno kuhusu urefu wake. Kwa kuwa utahifadhi majina, namba za simu na vitambulisho vya wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu pia.

Kilima chetu Kinangop hakina umeme. Fundi ameniuzia wazo la paneli moja ya wati 200 na betri ya gari.
*Msomaji, Nyandarua*

Kituo chako kitalala Julai. Tufanye hesabu. Redio 4 za wati 8, rauta ya wati 10 na swichi ya wati 8 ni wati 50. Kwa saa 24 ni watisaa 1,200. Kuna upotevu kwenye nyaya, chaja na betri, kwa hiyo paneli zizalishe takriban watisaa 1,600 kwa siku. Miezi ya jua hesabu ya saa 5 za jua kali inakubalika, lakini kwenye ukungu wa Kinangop panga saa 3. Gawanya: wati 533. Hizo ni paneli mbili za wati 300.

Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampeasaa 200 ina watisaa 2,560. Ukitumia asilimia 80 unapata saa 41 bila jua hata kidogo. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, hivyo utahitaji kubwa zaidi, na ile ya gari imetengenezwa kuwasha injini, si kuteremshwa kila usiku. Itakufa ndani ya miezi.

Usiweke inveta. Yenyewe hula wati 10 hadi 20 hata bila mzigo, moja ya tano ya umeme wako na zaidi. Tumia kibadilishaji cha kupandisha volti 12 hadi 24 au 48 moja kwa moja. Na hapo soma kibandiko: redio ya volti 24 ikichomekwa kwenye 48 huungua papo hapo.

Paneli chomelea bolti zake. Kisha mpe jirani wa karibu na kilima intaneti ya bure na malipo kidogo ya kila mwezi. Hakuna kufuli inayomshinda mtu anayeishi hapo.

Huku Kisii radi imetuulia redio tatu. Zilizobaki zinajizima na kujiwasha, hasa usiku.
*Msomaji, Kisii*

Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na tunaanza na la pili kwa sababu ndilo rahisi.

Redio inayojizima watu wanapotumia data nyingi inakosa volti, na mshtakiwa wa kwanza ni kebo. Nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Au pima: kwenye boksi la mita 100, sokota pamoja nyuzi mbili za jozi moja upande mmoja, upime omu upande wa pili. Shaba halisi haipiti 19 hivi. Alumini inakaribia 30. Redio inayovuta wati 10 kwenye adapta ya volti 24 kupitia mita 100 za shaba inapoteza volti karibu 4. Kwa alumini inapoteza 6 na zaidi, na redio inabaki na 17 au 18. Mchana inavumilia, usiku inapofanya kazi kwa nguvu, inaanguka.

Sasa radi. Eneo lenu ni kati ya yanayopigwa zaidi nchini, na si lazima ipige mlingoti. Ikipiga karibu tu, kebo ndefu huokota mshtuko. Tumia kebo ya nje yenye ngao ya chuma na plagi za chuma. Weka vizuia mshtuko viwili kwa kila kebo, kimoja juu karibu na redio na kingine inapoingia nyumbani. Mlingoti, vizuia mshtuko na umeme wa nyumba viungwe kwenye athi moja, yaani fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Athi mbili zisizounganishwa ni hatari: radi ikipiga, zinakuwa na volti tofauti na njia ya kuzisawazisha inapita kwenye redio yako. Kizuia mshtuko kisichofungwa athi ni pambo tu. Kebo nayo ining'inie chini ya redio kama kitanzi kabla ya kuingia, maji yadondokee hapo badala ya kutambaa hadi ndani ya plagi.

Asubuhi kasi ni nzuri. Ikifika saa moja usiku, simu za wateja hazinipi nafasi ya kula.
*Msomaji, Isinya*

Ukiwa kwa mteja, pima muda wa kufika (ping) kwenye rauta yako mwenyewe mlimani, kisha muda wa kufika nje. Mlimani ukiwa milisekunde 5 na nje 300, kapasiti imejaa au foleni haijapangwa. Mlimani wenyewe ukiwa 200, tatizo liko hewani, na kuongeza megabiti utakuwa unatupa pesa.

Hewani, mara nyingi mkosaji ni mteja mmoja dhaifu. Redio ya mlimani hugawa muda. Mteja wa hasi 82 anazungumza polepole, kwa hiyo video yake moja inakula muda wa nyumba kumi za hasi 60. Weka sheria: humuungi mteja aliye chini ya hasi 70. Mwinulie nguzo, mpe dishi kubwa zaidi, au mwambie ukweli kwamba bado humfikii. Tunajua ni vigumu kumkataa mtu mwenye pesa mkononi, hasa akiwa mjomba wako, lakini wale kumi watahama kwa sababu yake.

Halafu angalia upana wa chaneli. Kwenye kilima chenye mitandao mingine, chaneli ya megahezi 80 inaokota kelele za kila mtu. Rudi 20, ambayo kwa redio za kawaida za antena mbili hutoa hadi megabiti 144 hewani, karibu nusu ya hizo zikimfikia mteja kweli. Zipange kwanza sekta zilizopo, yaani antena zinazohudumia kila moja upande wake, kwenye chaneli tofauti kabla ya kuongeza redio nyingine.

Na kama baadhi ya tovuti hazifunguki kabisa wakati nyingine ziko sawa, usihangaike na antena. PPPoE, njia ya kumwingiza mteja mtandaoni kwa jina na nenosiri, hupunguza pakiti hadi baiti 1,492. Punguza MSS, yaani kiasi cha data ndani ya pakiti moja, kwenye rauta hadi 1,452 na zitafunguka.