Maswali yenu: glovu za leba, simu ya 115 na kazi ya mashirika ya kitaifa

Toleo lililopita niliandika kuhusu mashirika na taasisi za kitaifa zinazoshughulikia afya ya mama na mtoto hapa Tanzania. Barua na jumbe zimekuwa nyingi, nyingine za shukrani, nyingine za hasira. Nimechagua zile zinazogusa wengi.

Tunaambiwa huduma ya uzazi ni bure, lakini kliniki wamenipa orodha: glovu, pamba, mpira wa kulalia, klempu ya kitovu, wembe. Mume wangu anauza mkaa. Nani anawajibika hapa? (Mama wa watoto wawili, wa tatu njiani, Kahama)

Mama, una haki kabisa ya kuuliza. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo katika vituo vya serikali, na haijafutwa. Kinachokwama ni fedha ya kununulia hivyo vifaa. Kituo huagiza kutoka Bohari ya Dawa kwa fedha kilizo nazo. Ninyi mnaojifungua hamchangii, na ndivyo inavyotakiwa, lakini glovu na pamba zinaisha leba kuliko chumba kingine chochote. Pengo hilo lisipofidiwa na bajeti, stoo inakauka kabla robo mwaka haijaisha, na hapo ndipo orodha inapoanza. Mkunga anayekupa orodha mara nyingi anaogopa usiku utakaofika naye hana glovu ya kuvaa.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kila kituo kina kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wananchi wa kawaida kama wewe. Kamati hiyo inashiriki kupanga na kusimamia matumizi. Muulize mtendaji wenu mjumbe wa eneo lenu ni nani, kisha muulize huyo mjumbe mambo mawili: vifaa vya kujifungulia vimetengewa kiasi gani mwaka huu, na oda ya mwisho iliyokwenda Bohari ilirudi na nini. Mwaka wa fedha huanza Julai, kwa hiyo maswali haya yana nguvu zaidi yakiulizwa mapema, mpango ukiwa bado unaandikwa. Wakiuliza akina mama kumi kwa pamoja, ni vigumu kupuuzwa.

Kwa sasa nunua kidogo kidogo unachoweza. Uchungu ukianza na huna hata kimoja, nenda hivyo hivyo. Tafadhali usibaki nyumbani kwa sababu ya glovu.

Mimi naona haya mashirika ni semina za hotelini na fulana. Yamemsaidia nani? (Mwalimu, Nkasi)

Mwalimu, hasira yako naielewa, na wapo wanaoistahili. Lakini wewe uko Rukwa, na mfano mzuri ninaoujua ulifanyika huko huko. Muungano wa Utepe Mweupe wa Uzazi Salama uliendesha kampeni ya "Wajibika Mama Aishi". Serikali ilikuwa imeahidi kwamba ifikapo 2015, nusu ya vituo vya afya vitaweza kutoa huduma kamili za dharura za uzazi, yaani upasuaji na kuongeza damu, bila kumsafirisha mama hadi hospitali ya mbali. Utepe Mweupe walichukua ahadi hiyo ilivyoandikwa, wakaenda kuangalia hali halisi ya vituo vya Rukwa, wakakusanya saini za wananchi, wakazipeleka kwa viongozi. Walidai kitu kimoja mahususi: kila halmashauri iwe na kifungu cha bajeti kinachotajwa kwa jina lake kwa ajili ya huduma za dharura za uzazi. Fedha isiyo na kifungu chake huliwa na mafuta ya gari na posho, na hakuna anayeweza kuulizwa imekwenda wapi.

Miaka iliyofuata serikali ilipanua mamia ya vituo vya afya na kuvijengea vyumba vya upasuaji. Sisemi ni kazi ya Utepe Mweupe peke yao. Ninachosema ni kwamba mkunga wa zahanati ya Nkasi hawezi kulisukuma jambo hilo akiwa peke yake, hata awe hodari vipi. Hapo ndipo penye kazi ya shirika la kitaifa, na ndivyo ninavyolipima: limebadili nini ambacho mhudumu mmoja asingeweza kukibadili? Likikujibu kwa kukutajia idadi ya watu waliohudhuria semina, bado halijakujibu.

Hata mafunzo yenyewe yanaweza kufanywa vizuri. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, pamoja na washirika wake, iliongoza mpango ulioingia hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano. Badala ya kuwaondoa wakunga kazini, walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale leba, kwa mwanasesere: mtoto hapumui, shika, kausha, msisimue, mpe hewa kwa mfuko na barakoa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, kutoka kwa akina mama na watoto wapatao 300,000, yalionyesha vifo vya watoto ndani ya siku ya kwanza vimepungua kwa takriban asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa takriban asilimia 75. Nimekaa leba miaka mingi, na takwimu hizo nilizisoma mara mbili.

Kijijini kwetu gari la wagonjwa halipo. Uchungu ukianza usiku tufanye nini? (Baba mtarajiwa, Sengerema)

Piga 115. Ni bure. Huo ni mfumo wa m-mama, na wilaya yenu ni kati ya maeneo ulikoanzia kabla ya kuenea nchi nzima, Bara na Visiwani. Anayepokea simu atakuuliza dalili, kisha atatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu atampigia dereva wa kijamii aliyesajiliwa, mtu wa huko huko mwenye gari lake. Dereva akishamfikisha mama, analipwa na mfumo kwa simu. Familia haidaiwi nauli. Andika 115 ukutani na uiweke kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba, kwa sababu siku hiyo huenda wewe uko ziwani au mnadani.

Nimejifungua njiti wa miezi saba. Mtoto bado yuko wodini, na mwajiri anasema siku zangu za likizo zinakwisha. Ni sawa? (Mfanyakazi wa kiwanda, Dar es Salaam)

Pole sana dada, na hongera kwa mtoto. Likizo ya uzazi ya kawaida ni siku 84, au 100 kwa waliozaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo, kama mapacha. Kwa miaka mingi mama wa njiti aliimalizia likizo yake kwenye benchi la wodi, kisha akarudi kazini siku ambazo mtoto ndiyo kwanza anajifunza kunyonya. Taasisi ya Doris Mollel, iliyoanzishwa na dada ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ilipeleka mashine wodini lakini haikuishia hapo. Ilidai sheria ibadilishwe. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa na Bunge mapema 2025 sasa yanamtambua mama wa njiti na kumwongezea muda wa likizo, ili zile wiki ambazo mtoto alitakiwa bado awe tumboni zisimlie siku zake.

Omba hospitali barua inayotaja mimba ilikuwa na wiki ngapi siku ya kujifungua. Mpe mwajiri nakala, nyingine mpe kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Akikataa, nenda kwa ofisa kazi wa eneo lako.

Na huko wodini, mbebe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa muda mrefu kadiri uwezavyo. Baba naye anaweza kumbeba, na shangazi pia.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Manesi walisema sikumeza foliki asidi, lakini nilianza kumeza siku ya kwanza ya kliniki! (Mama, Singida)

Mama, hukukosea. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba kutungwa, na wanawake wengi wakati huo hawajajua hata kama wana mimba. Vidonge vya kliniki vina faida zake, hasa kwa damu yako, lakini kwa tatizo hili hufika mlango ukiwa umeshafungwa. Foliki asidi, vitamini inayosaidia uti huo kujifunga, inatakiwa iwe mwilini kabla ya mimba.

Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa kliniki peke yake. Tangu mwaka 2011 kanuni zinataka viwanda viongeze virutubishi, foliki asidi ikiwamo, kwenye unga wa ngano na wa mahindi, na Taasisi ya Chakula na Lishe imekuwa ikilisukuma suala hilo kwa muda mrefu. Ngano inasagwa na viwanda vikubwa vichache, kwa hiyo imekuwa rahisi kuisimamia. Mahindi ndiyo kazi: wengi wetu tunasaga kwenye mashine ya mtaani, na unga huo hauna kilichoongezwa. Hapa nasema wazi kwamba nchi bado inawaangusha akina mama wa vijijini. Mashine ndogo zinahitaji vifaa vya kuchanganyia na bei ya virutubishi wanayoimudu, na hilo linahitaji mkono wa serikali.

Kwako wewe: ukitaka mtoto mwingine, muone daktari kabla ya kushika mimba. Mama ambaye tayari amepata mtoto mwenye mgongo wazi huandikiwa dozi kubwa kuliko ile ya kawaida. Kipo pia chama cha wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Ulizia ukiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako watoto hawa hutibiwa.

Tunasikia vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni kweli au siasa? (Mwanafunzi, Dodoma)

Takwimu hizo zinatokana na tafiti za kitaifa za 2015/16 na 2022, zinazoongozwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na mwenzake wa Zanzibar. Wanawake huulizwa kuhusu dada zao waliofariki, kwa hiyo ni makadirio yenye nafasi ya kupanda na kushuka, na makadirio ya Umoja wa Mataifa yako juu zaidi ya 104. Lakini kwamba vifo vimepungua sana, naamini, na dalili zake zinaonekana: wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81 kati ya tafiti hizo mbili.

Kinachoninyima usingizi kimo kwenye ripoti hiyo hiyo, na hakisemwi majukwaani. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000. Vya watoto wachanga, chini ya mwezi mmoja, vilitoka 25 hadi 24 tu. Chanjo, neti na dawa za malaria zimewaokoa waliovuka mwezi. Mchanga anahitaji mtu aliyefundishwa, joto na oksijeni, tena ndani ya dakika na saa za mwanzo.

Nesi alinitukana nikiwa kwenye uchungu. Nilalamike wapi? (Binti, Tanga)

Pole mwanangu. Anza kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwa maandishi, ukitaja tarehe na zamu. Usiporidhika, Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo linalotoa leseni na lina mamlaka kisheria ya kusikiliza shauri la nidhamu. Wakunga wenye heshima zao, na ndio wengi, hawatakuchukia kwa hilo.

Mke wangu alitoka damu nyingi sana alipojifungua, almanusura tumpoteze. Sasa ana mimba ya miezi mitano. Naogopa. (Mume, Iringa)

Kaka, kuogopa kwako ni sahihi, na kuna la kufanya. Aliyetoka damu nyingi mara moja yuko kwenye hatari ya kutoka tena. Asijifungulie zahanati. Achague mahali penye chumba cha upasuaji na akiba ya damu, na wiki za mwisho akae karibu na hapo.

Kuna kitu kipya ningependa ukiulizie. Zamani tulikuwa tunakadiria damu kwa macho, juu ya shuka na sakafu, na kwa macho akina mama karibu nusu wenye tatizo hawatambuliwi kwa wakati. Sasa upo mfuko wa plastiki unaolazwa chini ya mama mara mtoto anapotoka. Damu hutiririkia humo, na ubavuni kuna mistari ya mililita. Ikikaribia mstari wa hatari hakuna kubishana: tumbo linakandwa, sindano ya oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, dawa ya kusaidia damu kuganda, dripu, na mama anakaguliwa kama amechanika, vyote kwa mkupuo. Utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ukatangazwa 2023, ulionyesha njia hii inapunguza utokaji damu mkali na madhara yake kwa asilimia 60. Kuifanya ifike kila leba ni kazi ya wizara, chama cha wakunga na chama cha madaktari wa uzazi, na nawaomba wasichoke.

Kwa upande wako, mhesabie mkeo vidonge vya madini chuma, asiruke hata siku moja, ili aingie leba akiwa na damu ya kutosha. Nenda Damu Salama ukachangie, na uende na ndugu zako. Mwanamume mwenye afya anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu. Na hudhurio lijalo nendeni wote wawili, mkunga aandike kwenye kadi kwa herufi kubwa kwamba uzazi uliopita alitoka damu nyingi, kwa sababu atakayempokea siku ya uchungu huenda hajawahi kumwona.