Chokaa ya bega haiji na maziwa
Dada umeuliza kama mama aache maziwa kwa kuwa bega lake limeonekana lina chokaa. Hapana, asiache, sisi wa Tanga tumekulia hayohayo! Ile chokaa (kalsiamu iliyoganda) kwenye kano za bega, yaani nyuzi zinazoshikisha misuli kwenye mfupa, haitokani na chakula, inajijenga palepale kwenye kano, sana kwa wa miaka 30 hadi 60. Mi natibu kwa mazoezi huku Ngamiani, eksirei ya kawaida tu inaionyesha na ultrasaundi pia. Wengi inayeyuka yenyewe na yale maumivu makali ya usiku mara nyingi ndo mwili unaiyeyusha, kwa hiyo aanze na dawa za maumivu na mazoezi mepesi, ikigoma kuna kuivuta kwa sindano. Ila bega likiwa la moto na ana homa awahi hospitali leoleo, yaweza kuwa usaha.